Gitaa Moja, Sauti Mbili

Kama uko jikoni, sogeza redio karibu. Kama uko safarini, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Leo nazungumza zaidi na wapiga gitaa, lakini hata wewe ambaye hujawahi kushika gitaa usiondoke, maana tutaimba kidogo, tutahesabu kidogo, na nyimbo za dansi ulizozizoea huenda kesho ukazisikia tofauti.

Swali letu la leo ni hili, na vijana wanaorekodi chumbani kwao huniuliza mara nyingi. Wanasema: nimepiga solo yangu ya gitaa, nimeirekodi kwenye kompyuta, imekaa vizuri. Sasa nataka isikike kama wapiga gitaa wawili wanaoandamana, mmoja juu na mwingine chini, kama zile bendi za zamani. Mwenzangu wa kupiga naye sina. Je, kompyuta inaweza kuichukua solo hiyo hiyo ikanitengenezea sauti ya pili?

Jibu fupi: inaweza. Tena siku hizi inaweza vizuri sana. Lakini kuna jambo moja ambalo kompyuta hailijui, na usipoiambia wewe, itakuharibia wimbo. Haijui wimbo wako uko kwenye ufunguo gani wala kodi gani inapigwa chini ya solo yako. Kompyuta inajua kuhamisha nota. Nota iende wapi, hilo ni lako. Nalisema mapema kwa sababu nitalirudia tena na tena.

Sasa tuanze na sauti ya pili yenyewe. Sauti ya pili ni nini hasa?

Kama umewahi kuimba kwaya, kanisani au shuleni, jibu unalo tayari. Wanaoimba sauti ya kwanza wanakwenda na wimbo. Wa sauti ya pili wanatembea nao sambamba, hatua chache chini au juu, na wote wanafika pamoja. Mwalimu wa kwaya alikuandikia nota za solfa ubaoni: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Solfa hiyo hiyo ndiyo tutakayoitumia leo kwenye gitaa. Huhitaji kusoma mistari mitano ya muziki, wala kwenda chuo.

Hebu imba nami taratibu: do, re, mi, fa, so. Vizuri. Sasa mtu mwingine pale nyumbani aanze kwenye mi wakati wewe unaanza kwenye do. Wewe: do, re, mi, fa, so. Yeye: mi, fa, so, la, ti. Umesikia? Hiyo ndiyo sauti ya pili ya kawaida kabisa, ile inayoruka nota moja ya skeli. Wapiga solo wa rumba ya Kongo huipiga peke yao kwa kushika nyuzi mbili kwa wakati mmoja, na bendi za Afrika Mashariki zilijaa mtindo huo. Ukitaka iwe chini badala ya juu, ishushe ile mi kwa oktava nzima iwe chini ya do. Utamu unabaki ule ule, ila sauti inakuwa pana zaidi na ya utu uzima.

Mpaka hapo ni rahisi, sivyo? Tatizo linaanza tunapohesabu.

Chukua gitaa. Kila freti moja ni nusu toni, na nusu toni ndiyo lugha ambayo programu nyingi za muziki zinaielewa. Weka kidole kwenye do, panda kwenye uzi huo huo: freti moja, mbili, tatu, nne. Umefika mi. Kwa hiyo kutoka do hadi mi ni freti nne. Sasa anza kwenye re, uende fa. Hesabu: moja, mbili, tatu. Basi, umefika! Tatu tu, si nne. Kutoka mi hadi so, tatu. Fa hadi la, nne. So hadi ti, nne. La hadi do, tatu. Ti hadi re, tatu.

Narudia kwa anayeandika. Do, fa na so zinahitaji freti nne. Re, mi, la na ti zinahitaji freti tatu.

Unaona sasa kosa la kijana wetu linapotokea? Anafungua programu, ananakili treki ya solo, anachagua kifaa cha kubadilisha kimo cha sauti, anaandika nne, anabonyeza. Kompyuta, mtiifu wa kupindukia, inapandisha kila nota freti nne bila kuuliza. Do inakuwa mi, safi. Re nayo inapanda nne, inapitiliza fa na kuangukia kwenye nota isiyomo katika skeli yake. Katika nota saba, tatu zimekaa na nne zimepotea. Anasikia kitu kinamkwaruza sikio, anabadilisha anaweka tatu. Sasa nne zimekaa, tatu zimepotea. Anahitimisha kwamba programu ni mbovu. Programu ni nzima. Yeye amekuwa fundi nguo anayekata suruali za ukoo mzima kwa kipimo cha mtu mmoja.

Kuna vipimo vya namna moja ambavyo havileti balaa. Oktava, yaani freti kumi na mbili, ni salama daima. Freti saba, ile inayotoka do kwenda so, ni salama kwa nota zote za skeli isipokuwa ti. Ndiyo maana ukijaribu oktava au saba utasikia mambo yanakwenda. Lakini je, huo ndio utamu uliokuwa unautafuta? Mimi nasema sio. Oktava inaongeza unene tu. Saba ina ukavu fulani unaofaa muziki wa roki. Dansi letu limezoea ile ya tatu na nne, na ukiigeuza, ile ya chini.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usihamishe solo nzima kwa kipimo kimoja. Hamisha nota kwa nota, ukiifuata skeli.

Na kwa ndugu zangu wa taarabu, neno la haraka. Wimbo wako ukiwa kwenye hijazi au skeli nyingine yenye asili ya Uarabuni, hesabu yangu hii itakuangusha, kwa sababu ngazi za skeli zenyewe zimepangwa tofauti. Andika kwanza skeli yako, hesabu upya, ndipo uguse kompyuta.

Haya, tuingie kwenye hatua ya pili, ambayo watu wengi hawaifiki. Tuseme umefuata skeli kwa uaminifu. Kila nota imo ndani ya ufunguo. Bado kuna mahali utasikia kitu hakijatulia. Kwa nini?

Kwa sababu ya kodi. Hizi za gitaa, zile za mapato tuziache leo. Kodi ya do imejengwa kwa nota tatu: do, mi na so. Bendi inapopiga kodi hiyo, solo yako ikatua kwenye so, kanuni yetu inasema sauti ya pili iende ti. Ti imo kwenye skeli, hilo halina ubishi. Lakini haimo kwenye kodi, na inasuguana na ile do ambayo besi inaipiga. Wapiga jazi wanaupenda msuguano huo. Kwenye wimbo wa dansi, hasa mwisho wa mstari ambapo nota inashikiliwa, utasikia wimbo umebaki unaning'inia.

Dawa yake ni ndogo. Badala ya kwenda ti, nenda moja kwa moja do ya juu. Kutoka so hadi do ni freti tano. Na kwenye kodi ya fa, solo ikitua kwenye do, usiende mi, nenda fa. Ni freti tano tena. Kwenye kodi ya so, solo ikiwa kwenye re, unaweza kwenda fa na ikavumilika, lakini so itatulia zaidi. Tano tena! Umeiona kanuni? Solo inapotua kwenye nota ya juu kabisa kati ya zile tatu zinazojenga kodi, sauti ya pili ipande tano. Kwingine kote baki na tatu au nne.

Hii ni kwa nota zinazotua na kukaa. Nota zinazopita mbio usihangaike nazo, sikio linazisamehe.

Nimetumia muda mrefu hapa kwa makusudi. Msikilizaji, kubonyeza vitufe utajifunza mchana mmoja. Hii habari ya nota iende wapi ndiyo kazi yenyewe.

Tupumzike kidogo kwa hadithi. Nani alianza mambo haya ya mtu mmoja kuwa wapiga gitaa wengi?

Jina ambalo huwezi kulikwepa ni Les Paul, Mmarekani. Mwaka 1948 aliitoa santuri ya wimbo uitwao "Lover", ndani yake kuna magitaa manane, na yote kayapiga yeye. Kompyuta hakuwa nayo. Hata tepu hakuitumia kwa wimbo ule. Alirekodi gitaa la kwanza kwenye sahani. Kisha akaicheza sahani ile huku akipiga gitaa la pili juu yake, vyote viwili vikiingia kwenye sahani mpya. Akaendelea hivyo hivyo, safu juu ya safu. Akikosea safu ya mwisho, ilimbidi airudie. Na baadhi ya sehemu alizirekodi mashine ikizunguka kwa nusu ya mwendo, ili sahani ikichezwa kwa mwendo wake wa kawaida gitaa lisikike oktava moja juu, na vidole vionekane vina kasi ambayo binadamu hana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1951, yeye na mkewe Mary Ford wakatoa "How High the Moon", safu nyingi za gitaa na safu nyingi za sauti ya mama huyo, ikashika namba moja Marekani.

Hila ya Les Paul ilikuwa na sharti: ukibadilisha mwendo, kimo kinabadilika nacho. Huwezi kupandisha nota bila kuifupisha. Sharti hilo likavunjwa na mashine za dijitali. Mwaka 1975 kampuni ya Eventide ya Marekani ilianza kuuza kisanduku kiitwacho H910 Harmonizer, kilichoweza kupandisha au kushusha sauti huku mwendo ukibaki pale pale. Mwaka 1997 ikaja Auto-Tune ya Andy Hildebrand, mtu ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuchambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya watafutaji mafuta. Na mwaka 2009 kampuni ya Celemony ya Ujerumani, katika programu yake ya Melodyne, ikaweka sokoni jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: unarekodi kodi nzima ya gitaa, programu inazitenganisha nota zilizomo ndani, unashika moja na kuihamisha, nyingine hazitikisiki.

Lakini kumbuka jambo moja kwenye hadithi hii, kwa sababu nitalirudia. Kila safu ya Les Paul ilipigwa na mkono wake. Mashine ilimzidisha mtu, haikuizidisha rekodi.

Haya, tumerudi. Kijana wetu amekaa mbele ya kompyuta, anataka kufanya kazi. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye gitaa, si kwenye kompyuta. Nyuzi zipatanishwe kwa mashine ya kutyuni, si kwa sikio peke yake. Kwa nini? Gitaa linaweza kuwa limepatana lenyewe kwa lenyewe, uzi na uzi, lakini lote liko chini kidogo ya kipimo cha A kwa 440 ambacho programu inakitumia. Ukipiga peke yako hakuna atakayejua. Ukiiletea programu inayosoma nota, inaanza kubahatisha: hii ni fa iliyoshuka au mi iliyopanda? Inachagua, na mara nyingine inachagua vibaya.

Kisha arekodi gitaa likiwa kavu. Nasema kavu: pasipo mwangwi, pasipo mkwaruzo wa amplifaya, pasipo mapambo yoyote. Ukirekodi na mwangwi, nota ya nyuma bado inalia wakati nota ya mbele imeshaanza, na programu inasoma mbili kwa pamoja. Mapambo utayaweka baadaye. Na ukishatengeneza sauti ya pili, kila gitaa lipitishe kwenye amplifaya yake ya kompyuta, kila moja peke yake. Ukizichanganya sauti mbili halafu ukazikwaruza pamoja, zinazaa milio mingine ambayo hukuipiga, na utamu wote unageuka tope.

Na apige nota moja moja. Programu nyingi za kusoma nota zinataka hivyo. Kama solo yake ina sehemu za nyuzi mbili, basi ama atumie programu inayoweza kutenganisha, ama sehemu hizo aziache bila sauti ya pili. Zina sauti ya pili tayari!

Sasa kompyuta. Nakili treki ya solo, nakala uiweke chini yake. Ile ya asili usiiguse kabisa. Hapa njia zinategemea mfuko na programu uliyonayo. Wenye FL Studio, ambao hapa kwetu ni wengi, wana Newtone katika matoleo ya juu. Wenye Cubase wana VariAudio, nayo katika matoleo ya juu. Wenye Logic wana Flex Pitch. Zote kazi yake inafanana: solo yako inaonekana kama vipande vilivyopangwa juu na chini kwenye skrini, kila kipande nota moja. Unakishika kwa kipanya, unakipandisha tatu, nne, au tano kama tulivyohesabu. Unasikiliza. Unaendelea na kinachofuata.

Je, asiye na hela? Kuna Audacity, ni ya bure. Haikuonyeshi nota kwa vipande, lakini unaweza kukata mwenyewe. Zile zinazotaka tatu unazipandisha tatu, zinazotaka nne unazipandisha nne. Kuna Reaper, unaruhusiwa kuijaribu siku 60, nayo unakata nota na kuipandisha nusu toni moja moja kwa kibodi. Ni kazi ya taratibu. Ila nakuambia, aliyeifanya kwa mkono mara kadhaa anaijua sauti ya pili kuliko anayeburuta tu. Ukikata, kata pale kidole kinapougusa uzi, kamwe si katikati ya mlio, la sivyo utasikia mkatiko.

Halafu kuna vifaa vinavyouliza ufunguo. Unaviambia niko G, vyenyewe vinajua wapi tatu na wapi nne. Ni vizuri, vinaokoa muda. Lakini je, vinajua kodi inayopigwa chini? Kwa kawaida havijui. Ile tano yetu utaitafuta mwenyewe. Na ukiwa mpigaji anayependa kuvuta uzi, jihadhari. Unapovuta, nota inapita katikati ya freti mbili, na kifaa kinaruka huku na huku kikitafuta pa kukaa.

Sasa sikio lako litakuambia jambo jingine. Ukipandisha nota tatu au nne, gitaa bado linasikika gitaa. Ukipandisha saba, nane, mlio unakuwa mwembamba, na ule mguso wa kidole kwenye uzi unapotea au unasikika kama umepakwa mafuta. Kwa nini? Programu inakata sauti yako vipande vidogo sana na kuvipanga upya ili mwendo usibadilike. Mlio mrefu unavumilia upasuaji huo. Ule mguso wa kwanza wa uzi ni mfupi mno, ndio unaoumia. Kwa hiyo kaa karibu na nota ya asili. Ile sauti ya chini niliyoisifu mwanzoni, ya kushusha mi chini ya do, ni mwendo wa freti nane au tisa. Kwa kompyuta ni mbali. Kwa mkono ni mchezo.

Bado jambo moja la kiufundi, kisha nitoe hukumu yangu. Nakala inapiga kwa wakati ule ule kabisa na ya asili, mpaka chembe ya sekunde. Watu wawili hawapigi hivyo. Matokeo yake sikio linazisikia kama gitaa moja la ajabu, si magitaa mawili. Icheleweshe nakala kidogo mno, milisekunde kumi hadi ishirini hivi. Ipunguze sauti iwe chini ya solo. Moja iweke kushoto, nyingine kulia. Na ukimaliza, sikiliza kwenye simu ndogo au redio ya spika moja kama hii unayonisikilizia sasa hivi, maana hapo kushoto na kulia vinakutana. Kama kwenye spika moja solo imefunikwa, punguza tena ile ya pili. Wengi wanamiksi kwa hedifoni nzuri, wimbo ukifika redioni wanashangaa.

Basi hukumu. Je, naipenda njia hii? Naipenda kwa kuchora ramani. Siipendi kama wimbo uliokamilika.

Nitakueleza sababu. Nakala inarithi kila kitu. Ukichelewa kidogo kwenye nota ya tano, na yenyewe imechelewa. Ukibana uzi vibaya, kosa limekuwa mawili, moja kushoto, moja kulia. Na hata pasipo kosa, pumzi ni moja. Hebu nenda kasikilize "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyotokana na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978. Weka kando maneno, sikiliza magitaa tu. Ridhim ya Omar Shabani haiigi solo hata kidogo. Ina mwendo wake, ina mahali pake pa kunyamaza, na besi ya Tom Malanga inapita kati yao. Vivyo hivyo kwenye muziki wa Kongo, lile gitaa la kati wanaloliita mi-solo, kati ya solo na ridhim, wakati mwingine linaandamana na solo nota kwa nota, mara linaiacha, linajibu, linarudi. Anayeliongoza ni mtu aliyesikia solo imesema nini akaamua aseme nini. Bendi zetu zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam enzi zile ziliingia studio na wanamuziki wote na kupiga kwa pamoja, na ndiyo maana ukizisikiliza unawasikia watu wanasikilizana.

Kuna pia njia nyingine ya mtu mwenye gitaa moja, na hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta zote hizi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa leo Likasi. Gitaa moja, mtu mmoja, vidole. Sikiliza "Masanga" yake: besi inatembea chini kwa kidole gumba, juu yake sauti nyingine inacheza, na wageni wengi wanaposikia mara ya kwanza huuliza yule wa pili ni nani. Hakuwepo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana wetu ni huu. Itumie kompyuta ikutengenezee rasimu. Hamisha nota kwa nota, fuata skeli, angalia kodi, weka ile tano mahali pake. Sikiliza mpaka uridhike. Halafu zima ile nakala, shika gitaa, jifunze sauti ya pili uliyoitengeneza, irekodi kwa mkono wako kwenye treki mpya. Kama unaweza kuazima gitaa jingine, azima, au sogeza kidole cha kukwangua karibu na daraja ili mlio uwe tofauti. Hapo ndipo ile ya chini, ya freti nane na tisa, inakuwa yako bila kupasuliwa na programu. Usipofikia kuipiga yote, piga unayoweza, na nakala iache kwenye vipande vigumu tu. Hakuna atakayekukamata.

Narudia mambo makubwa kwa aliyechelewa kufungua redio. Usihamishe solo nzima kwa kipimo kimoja. Do, fa na so, nne. Re, mi, la na ti, tatu. Solo ikitua kwenye nota ya juu ya kodi, tano. Rekodi kavu, nyuzi zikiwa zimepatanishwa kwa mashine. Treki ya asili isiguswe.

Na la mwisho kabla muda haujaniishia. Yote haya tumeyasema kwa sababu kijana wetu alisema hana mwenzake wa kupiga naye. Amemtafuta kweli? Wapiga gitaa wa ridhim waliobaki bila bendi wapo mijini kwetu, wengine wanapiga kanisani Jumapili, wengine kwenye kumbi za harusi. Kabla hujafungua programu, ulizia mtaani kwako, mpigie simu mmoja, mlipe nauli na jasho lake, mkae naye alasiri moja na ile rasimu yako. Kisha mtuletee wimbo hapa studio, tuupige hewani.